Aliyevalishwa Gauni Langu

Valentine, Nebraska
14 Machi 1921

Kwako mdogo wangu Zella,

Pokea salamu za nyumba nzima. Sisi tu wazima, kwa kadiri mtu anavyoweza kuwa mzima Nebraska mwezi wa Machi. Kifua cha Mama bado kinambana, ila juzi alikaa kitako, akanywa supu ya kuku na kumsengenya mchungaji, nikajua anapona. Mume wangu Dewitt anakusalimu. Theluji imetuulia ndama kumi na wanne. Binti yangu Fern ameota meno mawili na anauma kila kitu, hata paka.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Mdogo wetu Orrin anakuja huko. Sikuombi ruhusa, maana tiketi ameshakata. Tangu Baba atutoke kijana huyu hashikiki. Mwezi uliopita alipigana na mtoto wa Mzee Culbertson mbele ya kanisa, Jumapili, watu wakiwa na mavazi yao mazuri, akamng'oa jino. Ana miaka ishirini na miwili na hana shughuli yoyote. Mama analia kutwa. Unajua anavyomwona huyo mwanawe wa kiume wa pekee. Mtafutie kazi hukohuko kwenye filamu, hata ya kushika farasi. Farasi anawajua.

Jambo jingine. Mama amewaambia wanawake wa kanisani kwamba wewe ni mshonaji wa kampuni ya filamu. Ukileta kadi, tafadhali usitaje mambo ya kuruka kwenye treni. Bwana wa posta anasoma kila kitu.

Dada yako,
Leota

*

Edendale, Los Angeles
9 Aprili 1921

Dada Leota,

Shikamoo. Mimi mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo linatabiri mvua hata katika mji usionyeshewa. Nimempokea Orrin na nimepokea barua yako, kwa mpangilio huo: yeye kwanza, barua siku mbili baadaye. Nilifungua mlango nikamkuta amekalia sanduku lake, amefuga masharubu kama muuza dawa za gulioni. Hata hakunisalimu. Aliniuliza, "Zella, una mayai?" Alikula sita.

Kazi nimempatia. Anashika farasi, anabeba magodoro, na watu wanampenda, maana anajua kuchekesha. Lakini naona Mama ameshaipa kazi yangu jina lake, basi acha nikueleze wewe jina lenyewe. Mwaka wa tatu sasa mimi ndiye mwili wa Corinne Delacey. Ni yule nyota wa filamu za mfululizo, zinazoonyeshwa sehemu moja kila wiki. Hadithi ikimtaka alie, analia mwenyewe. Ikimtaka aanguke farasini au aning'inie kwenye behewa linalokwenda, yeye anakwenda kukaa kivulini na glasi ya maji ya ndimu, mimi navaa gauni lake na wigi la rangi ya dhahabu. Mwandishi wa gazeti akija, Corinne anamwonyesha mchubuko aliochorwa na mtu wa vipodozi, anasema, "Yote nafanya mwenyewe, siwezi kuwadanganya watazamaji wangu." Mimi nipo hatua tano nyuma yake, mkono umefungwa bendeji, nimenyamaza. Nilitia sahihi karatasi kwamba nitanyamaza. Wote tunatia.

Na ujue, Dada, wanaume wanaoanguka wanavaa makoti mazito na ndani wamejifunga pamba za kutosha kulaza familia. Sisi tunaanguka na gauni la mikono mifupi. Hasira ninayomeza asubuhi inanishibisha mpaka jioni.

Hata hivyo naipenda kazi hii kuliko kitu chochote nilichowahi kupewa. Nikishaachia mikono, mpaka nitue, hakuna mtu duniani anayeniamuru. Hilo usimwambie Mama.

Jumapili namfundisha Orrin kuanguka, kwenye shimo la mchanga nyuma ya studio. Wayo, goti, nyonga, bega. Anajifunza haraka. Siku nyingine natamani Baba angemwona.

Mdogo wako,
Zella

*

Valentine
30 Mei 1921

Mpendwa Zella,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Majani yameota, ng'ombe wamenenepa, Mama anatembea mpaka bandani na kurudi. Asante kwa kumpokea Orrin. Anatuandikia kila wiki, jambo ambalo hatukulitegemea. Anasema kazi inakwenda vizuri. Zaidi ya hapo hakusema.

Hilo goti linanisumbua mimi kuliko linavyokusumbua wewe. Unatimiza miaka ishirini na tisa Septemba. Yule mjane Lindquist, mwenye shamba kando ya mto Niobrara, ameniuliza habari zako mara mbili, na ni mwanamume asiyekunywa pombe. Sikulazimishi. Nasema tu kwamba mwili hauna vipuri. Na ikitokea siku wakakupunguzia kazi, usilichukulie vibaya. Huenda ikawa heri.

Fern sasa anatembea. Paka amehama.

Leota

*

Edendale
20 Juni 1921

Leota,

Leo sina shikamoo.

Jumatatu nilifika kazini saa moja asubuhi. Nikaenda kwa Bi Agnes Lund, mama wa mavazi, kuchukua gauni. Hakuniangalia usoni. Akasema, "Limeshachukuliwa, mwanangu." Nikauliza na nani. Akaendelea kutunga uzi kwenye sindano ambayo ilikuwa na uzi tayari.

Nilitoka nje nikamwona. Amesimama juani na gauni langu la bluu, wigi langu kichwani, masharubu amenyoa. Wapiga picha wanamzunguka, mmoja anamwita "bibi harusi", wengine wanacheka. Yeye naye anacheka, anashika sketi kwa vidole viwili na kuwainamia. Aliponiona akaacha.

"Zella," akasema, "mimi nimeambiwa tu."

"Umeambiwa na nani?"

"Na Bwana Hargis."

Huyo Hargis ndiye mwongozaji wetu. Nikamfuata. Alikuwa anakula mkate na nyama, hakuacha kutafuna. "Watu wa bima hawataki tena mwanamke aumie," akasema. "Sasa tutatumia wanaume wenye wigi. Studio zote zitafika huko. Usinune, Zella. Ni kwa ajili yako."

Nikamwambia, "Nilipovunjika mkono mlinirudisha farasini baada ya wiki mbili. Bima ilikuwa wapi?"

"Wakati ule hatukuwa nayo," akajibu, na akaona amejibu vizuri.

Miaka mitatu, Leota! Mbavu mbili, mkono, goti, na jino la nyuma. Nimeruka mara ambazo sizihesabu tena, na sikuwahi kuwapotezea hata mita moja ya filamu. Sasa imegundulika kwamba mimi ni dhaifu. Na aliyegundulika kuwa na nguvu ni mtu niliyemfundisha mwenyewe mahali pa kuweka goti lake.

Lakini sikuandika kwa sababu ya Hargis. Jioni nilimbana Orrin jikoni. Nikamuuliza amejua tangu lini. Akasema tangu mwisho wa Aprili. Nikamuuliza kwa nini alinificha. Akasema, "Nilimwandikia Leota kumwomba ushauri. Akaniambia nikubali, na ninyamaze mpaka mambo yakae sawa."

"Ikitokea siku wakakupunguzia kazi." Nimeirudia barua yako mpaka karatasi imechanika pale ilipokunjwa. Uliandika hivyo ukijua. Ukaniwekea na mjane pembeni, kama mtu anayemtupia mbwa mfupa ili asibweke.

Nijibu. Safari hii usianze na majani wala ng'ombe.

Zella

*

Valentine
5 Julai 1921

Zella,

Ndiyo, nilijua.

Umetaka nisianze na ng'ombe, basi sianzi. Nilimwambia Orrin akubali, na leo angeniuliza tena ningemwambia vilevile. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe mtu amempa kazi akaifanya hadi mwisho wa wiki. Ana mchumba sasa, amekuambia? Amebadilika. Wewe una ujuzi mwingine, una nyumba hapa, una kitanda chako kilekile.

Na nikueleze jambo ambalo sijawahi kulisema. Miaka mitatu kila nikimwona bwana wa posta anashuka kilima na karatasi mkononi, naacha kazi niliyo nayo. Nasimama mlangoni nikijiandaa kumwambia Mama umekufa. Unajua imekuwa mara ngapi? Na kila mara ilikuwa matangazo ya mbegu! Orrin aliponiandikia kwamba watakuondoa, nilifurahi. Umesikia? Nilikaa kwenye ngazi za jikoni nikacheka peke yangu, kwa raha.

Sasa umekasirika, na hasira ni haki yako. Lakini Orrin usimguse. Anavaa lile gauni kila siku na anaijua robo tu ya unayoyajua wewe. Mfundishe yote. Usimfiche kitu.

Leota

*

Valentine
22 Agosti 1921

Zella,

Leo ni siku ya kumi na tatu tangu telegramu. "Orrin ameanguka. Yu hai. Nyonga na paja. Zella." Nimeisoma mara nyingi kuliko Biblia. Nimekuandikia mara mbili na hukujibu. Yeye mwenyewe ametuletea mistari minne iliyoandikwa na muuguzi, anasema ni bahati mbaya na tusijali.

Mama hali chakula. Nakuuliza kama mkubwa wako: nini kilitokea? Ulikuwepo?

Leota

*

Edendale
2 Septemba 1921

Dada,

Shikamoo. Pole na Mama.

Nilikuwepo. Mwezi wa Julai wote walinipa kazi ya kusimama katika umati, kuwa mtu wa sokoni, mtu wa mazishini. Siku ile tulikuwa kwenye stesheni nje ya mji. Hadithi ilimtaka msichana apande mnara wa tangi la maji, aruke juu ya behewa la treni inayopita chini. Nimeruka vile mara tatu. Si kitu kigumu kama treni haizidishi mwendo.

Asubuhi upepo ulikuwa mkali. Walikuwa wanampiga Corinne picha za karibu, na sketi ikawa inapeperuka mpaka magotini. Bi Lund akashona chubwi ndani ya pindo, zile za risasi ambazo wavuvi hufunga kwenye kamba za ndoano, ili sketi itulie. Ndivyo anavyofanya siku zote za upepo. Na siku zote mimi nikipokea gauni, kabla sijavaa, napitisha vidole kwenye pindo kuanzia mshono mpaka mshono, nikikuta chubwi nazikata na kisu. Ukiruka nazo, mwili unasimama lakini pindo linaendelea na safari. Linakuzunguka magoti.

Orrin hakulijua hilo. Mimi nilimfundisha kwenye mchanga, Dada, na alikuwa amevaa suruali! Jumapili zote zile hatukuwahi kufikiria gauni. Nani angefikiria? Wakati ule alikuwa anajifunza kuanguka kama mwanamume.

Nilikuwa kati ya umati, kama hatua thelathini hivi. Orrin akatoka kwenye hema la mavazi amevaa. Upepo ukavuma, na sketi haikuinuka. Iliyumba tu, taratibu, kwa uzito. Nikajua pale pale.

Ngazi ya mnara ina vidato ishirini na sita. Nilimtazama akipanda vyote. Ningeweza kupiga kelele wakati wowote. Nilikumbuka anavyowainamia wale wapiga picha. Nikakumbuka barua yako, usimfiche kitu. Nikasema moyoni, acha aone. Sikufikiria atavunjika. Nilifikiria atajikwaa, ataaibika, watacheka, Hargis ataniita. Hivyo ndivyo nilivyofikiria, na sikukuandikia mapema kwa sababu nilikuwa natafuta namna ya kulisema ili lisiwe hivyo.

Aliruka vizuri. Miguu ilitua pale pale nilipomfundisha. Kisha pindo likamfikia, likajifunga, akateleza ubavuni mwa behewa hadi kwenye kokoto. Nilimfikia wa kwanza. Wigi lilikuwa limemfunika macho. Aliuliza, "Nimekosea wapi?"

Nilimwambia siku ya tatu, hospitalini. Akaniuliza, "Uliona kabla sijapanda?" Nikasema niliona. Akageukia ukutani. Kila siku nampelekea supu, anakunywa, haongei nami. Daktari anasema atatembea, lakini atachechemea maisha yake yote.

Na hawa watu wa hapa, usidhani wana huruma. Asubuhi ya pili baada ya ajali, kabla sijasema na Orrin, Hargis alinitumia gari. Treni ilikuwa imekodiwa kwa siku mbili tu na mwanamume mwingine hayupo. Ghafla watu wa bima hawakutajwa. Nilipewa gauni lilelile, limefuliwa, bado bichi kwapani. Chubwi zilikuwemo zote. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza kwa nini kijana mzima ameanguka! Nikakaa kwenye meza ya Hargis, nikatoa kisu, nikazikata mbele ya watu wote, Corinne akiwepo, waandishi wa magazeti wakiwepo. Kumi na moja. Nikazitupa kwenye sahani yake. Nikasema, "Hizi ndizo zilizomwangusha mdogo wangu. Ninyi mlizitia, mimi niliziona nikanyamaza."

Hargis akasema kwa sauti ya chini, "Funga mdomo, kuna wageni."

Nikapanda, nikaruka, mara moja tu. Niliruka vizuri kuliko siku zote, Dada, na naona haya kwamba nilijua hivyo nikiwa bado hewani. Niliposhuka nikaambiwa nisirudi tena. Nimevunja karatasi niliyotia sahihi. Nasikia na studio nyingine zimeshapewa jina langu ili zisiniajiri.

Sikuombi msamaha kwa barua. Wewe ulininyamazia wiki saba, mimi nilimnyamazia vidato ishirini na sita, na najua kipi ni kizito.

Zella

*

Valentine
19 Februari 1922

Zella,

Salamu. Nimekuandikia barua nne tangu Septemba na zote nimezitia kwenye jiko. Nyingine zilikuwa na maneno ambayo Baba angenichapa kwayo, japo nina watoto.

Orrin alifika Novemba. Anatembea na fimbo. Mchumba hakungoja. Amemwambia Mama kwamba farasi alimtupa, na mimi nimemwacha aamini hivyo. Mchana anashona hatamu na matandiko bandani. Jina lako hakulitaja mpaka Krismasi, Mama alipouliza kwa nini huandiki, naye akasema, "Ana kazi nyingi. Ndiye bora kuliko wote kule." Akasema hivyo akiwa amekunja uso, kisha akaondoka mezani. Nami nikakukasirikia upya, kwa niaba yake, maana yeye hasira zimemwishia.

Sasa sikiliza. Filamu ile imefika hapa. Jumamosi ya kwanza nilikwenda na Orrin, yeye alitaka. Ukumbi ulijaa, mji mzima, mke wa mchungaji yuko mstari wa mbele yetu. Mnara ukatokea, msichana akapanda, akaruka, akaanguka kwenye kokoto. Zella, hawakuikata! Ule ni mwili wa Orrin. Waliuweka mwisho wa sehemu ya wiki, ili watu warudi wiki ijayo kujua kama Corinne Delacey amekufa. Watu wakapiga mayowe, wakapiga makofi, mke wa mchungaji akalia, "Maskini Corinne, ni jasiri jamani!" Na mdogo wangu amekaa kando yangu na fimbo katikati ya magoti, anajiangalia anavyovunjika, hana ruhusa hata ya kusema ni yeye.

Sijui nilisimama lini. Nilisikia sauti yangu tu. "Si Corinne! Ni Orrin Tunnicliff, huyu hapa, mwangalieni!" Wakaniambia nikae. Mke wa mchungaji akanivuta koti. Sikukaa.

Nilifikiri hasira ilikuwa imekwisha pale. Jumamosi iliyofuata niliwaambia Dewitt na Orrin wabaki nyumbani, nikaenda peke yangu. Sehemu ikaanza kwa mnara uleule. Msichana akaruka tena, safari hii akatua, akainuka juu ya behewa, akakimbia. Walipiga makofi hadi vumbi likaanguka darini. Nilikuwa sijawahi kukuona kazini. Miaka mitatu nilikuwa nakuona umekufa tu, kila posta ikija. Sikujua kwamba unaruka hivyo.

Sijakusamehe kuhusu Orrin, wala sikuombi unisamehe mimi. Tutakuja kugombana vizuri, ana kwa ana, na Mama atakapokuwa hasikii nitakupiga kofi ambalo nimelitunza tangu Septemba. Lakini nilisimama tena, Zella, mstari wa tatu, na kofia yangu ya kanisani. Nikawaambia wewe ni nani. Walipozomea nikarudia, jina lako na la Baba, na mbavu mbili, na mkono, na goti, nikayataja yote kwa sauti, mpaka mwenye ukumbi akasimamisha mashine na kuwasha taa.

Dada yako,
Leota